Mlevi ni Mtu wa Nia Mbili



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila kijiji kinalo na karibu kila ukoo unalo, ila hatupendi kulitaja mbele ya wageni. Nasema juu ya yule baba, au kaka, au kijana, na siku hizi hata mama, ambaye pombe imemshika hata hawezi kujinasua. Sisemi juu ya mtu anywaye kata moja ya mbege arusini kisha akarudi kwake na akili zake zote. Nasema juu ya yule ambaye kihamba chake kimekuwa pori, mbuzi wameuzwa mmoja mmoja, naye asubuhi mikono inamtetemeka mpaka apate cha kwanza. Wewe msomaji unamjua. Pengine mnakula naye chungu kimoja.

Watu husema nini juu yake? Husema: "Akitaka kuacha ataacha. Hataki tu." Neno hili nimelisikia bombani, nimelisikia kwenye mkutano wa ukoo, na mara moja nimelisikia hata kanisani. Nami nimefanya kazi ya uuguzi katika zahanati ya misheni kwa miaka 31. Nimewaosha walevi matapishi, nimewafunga vidonda, nimekaa nao usiku walipokuwa wakilia. Basi nasema kwamba neno hilo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kuua mtu.

Kweli nzima ni hii. Mlevi anataka kuacha. Tena mlevi anataka kunywa. Anayataka yote mawili kwa moyo wake wote, siku ile ile, na pengine saa ile ile. Alfajiri akiamka kinywa kimekauka na kuwaona watoto wake wanakwenda shule bila chai, anachukia pombe kuliko wewe unavyoichukia. Jioni ikifika, miguu yake inaijua njia ya kilabuni kama ng'ombe ajuavyo njia ya zizini. Wazee walisema njia mbili zilimshinda fisi, nasi tukacheka. Lakini yule fisi hakuwa mwongo. Alisikia harufu ya nyama huku, akasikia na huku.

Sasa angalieni linalotokea mtu wa nia mbili anapokutana na sisi watu wa nia moja. Mume anarudi usiku, mke anamngoja mlangoni. "Wewe utakufa na hiyo pombe yako!" Mume anajibu, "Mbona fulani anakunywa kuliko mimi, na yuko?" Mke anasema, "Umetumaliza!" Mume anasema, "Nakunywa kwa fedha yangu, siyo ya baba yako." Wamekwenda hivyo hata jogoo la kwanza. Je, mmeona kilichofanyika? Maneno ya kuishtaki pombe yote ameyasema mke. Maneno ya kuitetea pombe yote ameyasema mume, kwa sauti yake mwenyewe, na masikio yake yameyasikia. Laiti angeachwa peke yake kitandani, saa tisa ya usiku, angejisemea mwenyewe, "Kitu hiki kitaniua." Lakini maneno hayo amenyang'anywa. Amebakiziwa yale mengine tu.

Jambo hili wataalamu wa mambo ya akili wamelichunguza. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, William Miller, aliandika juu ya namna ya kuzungumza na walevi bila kubishana nao. Mwaka 1993 yeye na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao: walisikiliza mazungumzo ya washauri na walevi, wakaona kwamba kadiri mshauri alivyozidi kumkabili mgonjwa na kumpinga, ndivyo mgonjwa alivyozidi kunywa, hata mwaka mmoja baadaye. Nilipolisoma hilo nilikuwa nimekwisha kuliona kwa macho yangu katika wodi yetu ndogo ya vitanda sita, ila sikuwa na maneno ya kulieleza.

Basi mwenye busara huuliza, kisha hunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Huuliza kwa upole, mchana, mtu akiwa hajanywa: "Ungependa mwanao huyu akue akuone namna gani?" Au, "Mwaka juzi ulipokaa miezi miwili bila kunywa, ulifanyaje?" Kisha humwacha aseme. Maana mtu huamini kwa urahisi yale aliyojisikia akiyasema mwenyewe, kuliko yale aliyopigiwa kelele.

Niwaeleze habari za kaka yangu. Amenipa ruhusa niandike, mradi nisimtaje jina.

Kaka yangu alikuwa fundi mzuri wa mbao. Alianza kwa mbege kama kila mtu huku kwetu mlimani, akaishia kwa gongo. Nilikuwa kazini mbali na nyumbani wakati baba yetu, Mungu amrehemu, alipoita ukoo mzima. Walichinja, wakala, kisha wakamsimamisha kaka katikati ya ua wakampa msalaba mkononi aape kwamba hatagusa pombe tena maisha yake yote. Akaapa, tena alilia. Akakaa siku tisa. Siku ya kumi akaokotwa mtaroni. Tangu siku hiyo mambo yakawa mabaya zaidi, kwa maana zamani alikuwa akinywa pamoja na watu, sasa akawa akinywa peke yake migombani kama mwizi. Baba alisema amemdhihaki Mungu. Wifi yangu akarudi kwao na watoto.

Mwaka uliofuata kaka alijikata mguu kwa shoka, akapelekwa hospitali. Huko alikuwako tabibu mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Alikuwa akimsafisha kidonda, na harufu ya gongo ilijaa chumbani. Hakumhubiri. Alimwuliza tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Hii pombe inakusaidia nini?"

Kaka alishangaa. Watu walikuwa wamemwuliza mara mia pombe imemharibia nini, lakini imemsaidia nini, hakuna aliyeuliza. Akakaa kimya sana. Kisha akasema, "Inanilaza."

Ndipo yakatoka. Miaka minne nyuma alimzika mtoto wake wa kiume, wa miaka sita, aliyekufa kwa homa saa nane ya usiku wakiwa njiani kumpeleka kwa daktari. Tangu hapo kila usiku saa nane kaka aliamka. Gongo ilimpitisha katika saa ile. Nyumbani walikuwa wamehesabu mbuzi waliouzwa, wamehesabu madeni, wamehesabu hata mara alizoanguka mtaroni. Saa nane ya usiku hakuna aliyeijua.

Ndugu msomaji, pombe huwa ni mtumishi kabla haijawa bwana. Kwa mmoja inamlaza, kwa mwingine inamwondolea haya mbele ya watu, kwa mwingine inamsahaulisha kwamba ndugu zake wote wamejenga isipokuwa yeye. Ukimnyang'anya mtu pombe usijue ilikuwa ikimfanyia kazi gani, umeacha shimo tupu, na shimo hilo halitakaa siku nyingi bila kujazwa. Yule tabibu alimwambia kaka jambo la kweli: kwamba pombe humpa mtu usingizi mwanzoni mwa usiku, kisha humvunjia usingizi huo usiku ukiendelea, kwa hiyo kuamka kule kwa saa nane sehemu yake ililetwa na gongo yenyewe. Akamwambia tena kwamba akiacha, usingizi utakuwa mbaya majuma kadhaa kabla haujatengemaa. Kwa kuwa alionywa mapema, zile siku mbaya zilipokuja hakudhani kwamba dawa imeshindwa.

Hapa naomba mnisikilize kuliko mahali pengine pote katika maneno haya. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu, asifungiwe chumbani ili aache kwa nguvu. Wako watu wamekufa hivyo, tena mikononi mwa ndugu waliowapenda. Mwili na ubongo wake vimekwisha kuzoea pombe. Ikiondoka ghafula vinaruka kama kamba iliyokatika. Ndani ya saa chache huanza kutetemeka, kutoka jasho, na moyo kwenda mbio. Katika siku mbili za kwanza aweza kushikwa na kifafa, hata kama hajawahi kuwa nacho. Siku ya pili, ya tatu au ya nne aweza kuweweseka, akaona wadudu ukutani na watu wasiokuwapo, homa ikapanda. Wengine husema amerogwa, wengine husema ni pepo. Si hivyo. Ni ugonjwa unaotibika, na hospitali wanazo dawa za kuutuliza pamoja na vitamini B1 ambayo pombe humwishia mtu mwilini. Ukiona dalili hizo, mbebe umpeleke usiku huo huo. Sala mtaisali njiani.

Kwa upande wa hospitali, watu wa siku hizi hawajui jinsi milango ilivyokuwa imefungwa zamani. Mlevi alikuwa hapokelewi, maana alionekana amejitakia. Huko Marekani, katika mji wa Akron, alikuwako sista mmoja mzaliwa wa Ireland, Sista Ignatia, mwandikishaji wa wagonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas. Yeye mwenyewe hapo awali alikuwa mwalimu wa muziki, akaugua kwa kuelemewa na kazi, ndipo akapewa kazi hiyo ya mapokezi. Katika mji huo huo, mwaka 1935, watu wawili walevi, mfanya biashara Bill Wilson na daktari Bob Smith, walikutana, nao wakawa mwanzo wa kile chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, ambacho sasa kimeenea duniani. Mwaka 1939 Dk. Smith alimwomba Sista ampokee mlevi mmoja. Sista akampokea, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kumficha na macho ya watu, akamweka katika kichumba walimokuwa wakipangia maua ya wagonjwa. Tangu hapo wakapokewa kwa maelfu.

Ninalopenda zaidi katika habari za Sista huyo ni hili. Mgonjwa alipotoka, Sista alimpa nishani ndogo ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, akamwomba ahadi moja tu. Hakumwambia, "Apa hutakunywa milele." Alimwambia kwamba siku atakapotaka kunywa, kwanza arudi amrudishie nishani ile mkononi, ndipo akanywe. Fikirini akili ya mama huyo. Mtu mwenye tamaa hawezi kushindana na neno "milele", ni zito kama mlima. Lakini kutembea mpaka hospitali, kumtazama Sista usoni na kumpa nishani, kunachukua muda, na tamaa ya pombe, kama wimbi, hupanda, hufika juu, kisha hushuka. Wagonjwa wangu wengi wameniambia kwamba wakiweza kuishinda nusu saa ile, usiku wameuvuka.

Wako na waliotumia akili ya namna hiyo bila kufundishwa na mtu. Matt Talbot, mchukuzi wa mizigo wa Dublin, aliyezaliwa mwaka 1856, alianza kunywa akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Alifika mahali pa kumwibia mpiga fidla maskini fidla yake, wakaiuza yeye na wenzake wakanywa. Mwaka 1884, akiwa hana kazi wala fedha, alisimama nje ya baa akitumaini rafiki zake watamkaribisha, nao wakampita. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka nadhiri. Na aliweka ya muda gani? Ya miezi mitatu. Kisha sita. Kisha ndipo ya maisha. Alijizoeza kutochukua fedha mfukoni, na saa za jioni, zile zilizokuwa za baa, alikwenda kanisani. Alikufa mwaka 1925 njiani akienda Misa, na mwaka 1975 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alitangaza kwamba aliishi fadhila za Kikristu kwa namna ya kishujaa. Yule mpiga fidla alimtafuta miaka mingi asimpate, akamwombea kwa Misa.

Mfuko mtupu na njia nyingine ya kurudia nyumbani, mnaweza kuviona ni vitu vidogo. Si vidogo. Tamaa hukaa pia mahali, na saa, na sauti ya watu fulani. Askari wa Marekani katika vita vya Vietnam, mwaka 1971, walichunguzwa. Karibu mmoja katika kila watano alionekana ameshikwa na heroini, ndiyo hiyo watu waiitayo unga. Serikali yao iliogopa sana. Lakini waliporudi kwao, mbali na kambi na marafiki wale, ni wachache sana walioendelea kushikwa mwaka ule wa kwanza. Basi kaka yangu alipotoka hospitali, jambo la kwanza alilofanya ni kuhamisha benchi lake la ufundi, maana lilikuwa limeelekea njia ya kilabuni, na kila mpita njia alikuwa akimsalimu kwa jina la pombe.

Je, hakuanguka tena? Alianguka. Alikaa miezi saba, akaanguka katika matanga ya rafiki yake. Hapa ndipo akili ya mlevi humdanganya vibaya kuliko mahali pengine. Husema moyoni, "Nimekwisha kunywa kikombe kimoja, nimevunja yote, basi liwalo na liwe," na kikombe kimoja kinakuwa juma zima. Si kiu inayomnywesha juma zima. Ni haya. Haya yaweza kumzuia mtu asianze, lakini aliyekwisha kuanguka humsukuma chini zaidi, kwa kuwa dawa pekee ya haya anayoijua ni ile ile gongo. Safari hii wifi yangu hakumngoja mlangoni na maneno. Asubuhi alimwambia, "Miezi saba ilikuwa kweli, haikufutika. Twende kwa yule tabibu." Wakaenda.

Kuna Mtakatifu ambaye natamani ajulikane katika kila kigango. Ni Marko Ji Tianxiang, Mchina, aliyezaliwa mwaka 1834. Alikuwa daktari Mkatoliki aliyewatibu maskini bure. Akaugua tumbo vibaya, akajitibu kwa afyuni, na afyuni ikamshika. Alikwenda kuungama, akaanguka, akaungama tena, akaanguka tena. Mwisho padre wake akamwambia asirudi kupokea sakramenti mpaka aache, maana kuanguka kule mara kwa mara kulionekana ni dalili ya kutotubu. Siku zile watu hawakujua kwamba kushikwa na afyuni ni ugonjwa. Basi Marko akakaa bila Komunyo miaka kama 30. Mwingine angeacha dini kwa uchungu. Yeye alikuja kanisani miaka yote hiyo, akikaa nyuma, akiwaona wengine wakienda mezani pa Bwana. Hakuacha afyuni kamwe. Mwaka 1900, wakati wa fujo za Mabondia, alikamatwa pamoja na mwanawe, wakwe zake na wajukuu. Aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo hata mmoja wa jamaa yake atakayekufa peke yake. Akafa akiimba litania ya Bikira Maria. Tarehe 1 Oktoba mwaka 2000 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mtakatifu pamoja na mashahidi wengine 119 wa China.

Sisemi hivyo ili mlevi ajistareheshe. Nasema ili sisi tusio walevi tupunguze hukumu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 1735, yatufundisha kwamba mazoea, hofu na mambo ya ndani ya nafsi yaweza kupunguza lawama ya mtu kwa tendo lake, na pengine kuiondoa. Kupunguza lawama si kusema kwamba tendo ni jema. Mtoto aliyelala njaa amelala njaa. Lakini anayeungama na kuanguka na kuungama tena, si lazima awe mnafiki. Pengine ni mtu mwenye nia mbili ambaye ile moja bado inapigana.

Niseme pia juu ya vijana wetu walioshikwa na unga huko mijini, kwa maana na vijijini sasa wanarudi. Wazazi huniuliza juu ya methadoni, ile dawa ambayo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011, na sasa inatolewa katika miji mingine pia. Kijana huinywa kila siku mbele ya muuguzi. Husema, "Je, hiyo si kubadilisha kamba moja kwa kamba nyingine?" Najibu: mwili wake hauumwi tena na kukosa unga, haibi ili apate, hajichomi sindano, na akili yake inapata nafasi ya kufikiri juu ya kazi na ndugu zake. Anayekunywa dawa hiyo miaka kadhaa hajashindwa, kama vile mgonjwa wa sukari hajashindwa. Msimharakishe aiache ili tu majirani wasiseme. Akiiacha kabla ya wakati, akarudia unga kwa kipimo chake cha zamani wakati mwili umekwisha kupoteza mazoea, aweza kufa siku hiyo hiyo.

Na wake je? Nawasikia mkiniuliza: "Basi sisi tunyamaze tu tupigwe?" La, hata kidogo. Upole ninaousema ni kwa mgonjwa, si kwa ngumi. Mume akipiga, mke na watoto waondoke kwanza, waende kwa wazazi, kwa mwenyekiti wa kijiji, au kwenye dawati la jinsia la polisi. Mazungumzo yatakuja baadaye. Tena kumpenda mlevi si kumfunika. Usimwambie mwalimu mkuu kwamba mumeo ana malaria. Usimlipie deni la kilabuni. Alipoangukia na ajione ameangukia hapo, mradi si mahali pa kufa. Lakini akirudi siku moja mapema na mzima, chakula kiwe tayari na maneno yawe machache. Wengi wetu twajua kuona siku mbaya tu. Siku njema inapita bila mtu kuitaja, na mlevi anaona kwamba kunywa na kutokunywa malipo ni yale yale.

Kaka yangu alianguka mara mbili zaidi baada ya yale matanga. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2016. Saa nane ya usiku bado huamka mara nyingine. Huwasha taa, husali fungu moja la rozari kwa ajili ya mtoto wake, na kama usingizi hauji, huenda kupiga randa mbao. Majirani wamezoea sauti hiyo.

Katika Jumuiya yetu tumeanza kujadili neno moja. Kwenye kipaimara na arusi, mbege huwekwa katikati ya ua, na soda hutolewa kwa watoto na wageni wa mjini. Asiyekunywa inambidi aombe, na akiomba huulizwa kwa nini, mbele ya watu wote. Kina mama wamependekeza kuwe na meza moja yenye mbege, togwa na soda pamoja, kila mtu ajichukulie, na isiwe ruhusa kumwuliza mwenzako amechukua nini. Wazee wawili wamekataa, wakisema kata ya mbege hupokewa kwa mkono wa mwenye sherehe, wala haijapata kuwekwa mezani kama chai ya hotelini. Tutalizungumza tena baada ya mavuno.